Kishikio cha Bunduki ya Papa Sosthène

Duniani haijatengenezwa bunduki ambayo Yves hangeweza kuifungua vipande vipande na kuifunga tena, macho yamefumbwa, mdomo umejaa ugali. Alisema hivyo yeye mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu waliomheshimu. Habari ya mdomo kujaa ugali ilikuwa ya kweli. Iliyobaki tutaiona.

Walikuwa nyumbani kwa Papa Sosthène pale New Hope, Minnesota, ghorofa ya pili ya majengo yale ambayo harufu ya sombe ya jirani, yale majani ya muhogo, inakupokea ngazini kabla hujabisha. Yves alikuwa ameshafika hapo mara nyingi kwa visingizio: kurudisha sufuria, kuazima chaja, kuuliza saa ya mazoezi ya kwaya ilhali kuimba hajui. Siku hiyo hakuhitaji kisingizio. Alikuwa ameshatambulishwa kuwa mchumba wa Uwineza, binti wa nyumba hiyo, na kilichobaki ni wazee kukaa na kuongea. Papa Sosthène alipokubali alitoa sharti moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Mie nakataa mutu wa uongo. Mengine yote mutajifunza ndani ya ndoa."

Sahani zikiwa bado mezani, mzee alitoka chumbani na mfuko mrefu mweusi, akafungua zipu, akalaza bunduki juu ya taulo kando ya bakuli la sombe. Aliinunua kwa Francis, Mmarekani anayefanya naye kazi kiwanda cha nyama, ambaye alikuwa amemwalika kwenda kuwinda kulungu kule kaskazini msimu ukifunguliwa. Ilikuwa imetumika, na ilikuwa na kilema kimoja: kishikio cha mbele, lile ganda la plastiki linalofunika mtutu pale mkono wa kushoto unaposhika, lilikuwa na ufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliangukia barafu, alisema Francis, na plastiki kwenye baridi ya Minnesota huvunjika kama biskuti.

Yves alisogeza kiti nyuma kidogo. Kidogo tu. Bonheur akaona.

Bonheur ni kaka yake Uwineza, na ulimi wake unawasha kuliko pilipili mbuzi. "Shemeji, mbona unahama? Haina risasi, haiumi."

"Nampisha baba."

"Mwacheni jamani," Bonheur aliwaambia wengine, "huyu ni mtoto wa kambi. Kitu pekee alichowahi kulenga ni foleni ya unga."

Meza nzima ikacheka. Uwineza naye akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kicheko cha Bonheur angekivumilia mpaka Krismasi. Cha Uwineza kilimwingia. Yves akapiga tonge, akasema lile la kufungua bunduki macho yamefumbwa, na kwa kuwa Bonheur aliinua nyusi, akaongezea chumvi.

"Unafikiri nilikaa kambini muda wote? Nilipokuwa na miaka kumi mjomba alinirudisha ng'ambo ya ziwa. Nilikaa porini na wale vijana wa vita mwaka mzima, bwana. Nililala na bunduki kama wewe unavyolala na simu."

Ukweli ni kwamba Yves aliingia kambi ya wakimbizi Tanzania mgongoni mwa mama yake kabla hajaota magego, na ziwa hakulivuka tena. Bunduki alizowahi kuziona ni za polisi siku za kugawa chakula, na aliziona kwa umbali aliouchagua mwenyewe. Hata hapa Marekani, kila tarehe nne ya Julai, sikukuu yao ya uhuru, fataki zikianza, yeye huingia bafuni "kuoga". Anaoga bila maji, ameketi ndani ya hodhi la kuogea na viatu vyake, vidole masikioni, mpaka mji unyamaze.

Alisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama wa nyumba alikuwa ameshika kijiko hewani. Bonheur, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Papa Sosthène aliacha kutafuna.

"Wale vijana," mzee akarudia taratibu.

"Wale wale, papa."

"Bon." Mzee akaikunja taulo juu ya bunduki kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. "Samedi, Jumamosi hii, utanisindikiza Maple Grove, kwenye duka la vitu vya kuwinda. Kama weye unazijua hivyo, utanichagulia kishikio kigumu, chenye kudumu. Chenye ile reli ya juu, nifunge darubini."

Yves akaona ameshinda. Akajipakulia tena.

Uwineza ndiye aliyemtoa hadi ngazini. Kwa kawaida hapo ndipo walipokuwa wakichelewa kidogo, lakini safari hii alisimama ngazi mbili juu yake na mikono ameikunja.

"Ulichosema mezani ni kweli?"

"Aa, utani! Si unanijua?"

"Nilikuwa na kaka mwingine, mkubwa wa Bonheur. Anicet. Wale vijana walipanda kwetu asubuhi, tunaanika maharage. Walikuwa watoto, Yves. Bunduki zimewazidi urefu. Walitaka mbuzi, Anicet akashika kamba hakuiachia. Baba alikuwa amesimama mlangoni." Akageuka kutazama mlango wao. "Tangu siku ile, kote tulikopita, Uganda na hapa, baba hajawahi kukutana na mtu aliyesema, mimi nilikuwa mmoja wao. Kila mtu alikuwa shuleni, kila mtu alikuwa kwa shangazi yake. Leo amempata."

Yves akapanda ngazi moja. "Nitapanda sasa hivi nimwambie ni uongo."

"Panda. Na alivyokuambia kuhusu watu wa uongo unakumbuka?"

"Kwa hiyo niwe mwongo au niwe muuaji?"

"Mimi najua ni mwongo," alisema Uwineza, wala hakutabasamu. "Lakini siwezi kujitolea ushahidi mwenyewe ili niolewe. Atasema mapenzi yamenipofusha."

Yves hakupanda. Aliteremka. Alijiambia kwamba Jumamosi iko mbali, kitu ambacho watu hujiambia siku ya Jumapili. Kazini, kwenye ghala anakopanga mizigo, siku hizo zote alikuwa akishtuka kila paleti ya mbao ya kuwekea mizigo ilipoangushwa sakafuni, na katika ghala paleti huangushwa kutwa nzima. Wenzake walimwambia apunguze kahawa. Alikuwa hanywi kahawa.

Jumamosi asubuhi gari la Papa Sosthène lilisimama nje ya nyumba ya Yves, injini ikinguruma, moshi mweupe ukitoka nyuma kwa sababu ya baridi. Yves alikuwa ameyapanga maneno yake yote ya kuungama. Alifungua mlango wa mbele, akaingia, akafungua mdomo, akaona kupitia kioo cha juu kwamba kiti cha nyuma kina mtu.

"Huyo ni Rigobert," alisema Papa Sosthène. "Ametoka Saint Paul kwa ajili ya leo. Wale vijana walimkamata njiani wakati wetu ule ule. Wakamubebesha mizigo yao porini, miezi na miezi. Alikula nao, alilala kando yao. Anawajua."

Maneno ya Yves yakarudi yalikotoka.

Rigobert alikuwa mtu mwembamba, kofia ya sufu imefika kwenye nyusi, mikono imelala magotini. Hakusema habari wala hujambo. Alisema, "Geuka nikuone."

Yves akageuka. Yule mtu alimtazama kama anayetafuta tarehe ya mwisho kwenye mkebe wa samaki: paji la uso, pua, kidevu, akarudi kwenye macho, akakaa hapo.

"Sijui," akasema mwishowe. "Walikuwa watoto. Sasa wako na ndevu. Endesha tu, Sosthène."

Wakaenda. Mfuko mweusi ulikuwa nyuma kabisa, na kila gari lilipopita kwenye tuta ulitoa mlio mdogo wa kitu kizito. Yves alikuwa anausikia mlio huo kwenye meno. Shingoni alihisi macho ya Rigobert, baridi, kama mtu amemwekea kijiko kilichotoka kwenye friji.

"Zenu kule," alianza Papa Sosthène, macho yakiwa barabarani, "kishikio cha mbele kilikuwa cha nini? Plastiki?"

Yves hakujua. Alikumbuka picha aliyowahi kuiona kwenye fulana ya mtu. "Mbao, papa."

"Mbao," alisema Rigobert kutoka nyuma. "Kweli."

"Na mukipiga sana?"

Hata sufuria ikikaa motoni inachoma, Yves aliwaza. "Kinapata moto. Kinaunguza."

"Walikuwa wanafungia kitambaa," alisema Rigobert. "Kweli, kinaunguza."

Yves, ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba Mungu amsaidie kubahatisha kwenye mitihani, siku hiyo ndiyo aliyochaguliwa kusaidiwa. Kila alichobahatisha kilikuwa sahihi, na kila kilichokuwa sahihi kilimsogeza karibu zaidi na ile kamba ya mbuzi. Alitamani akosee. Akafunga mdomo, kisha akaona mtu aliyefunga mdomo ndiye anayeonekana ana la kuficha, akaufungua. Akakohoa.

Kwenye maegesho ya lile duka hakuweza tena.

"Papa, naomba uzime gari. Papa, nilidanganya. Sikuwahi kurudi ng'ambo. Sikuwahi kushika bunduki hata ya maji. Bonheur alinicheka, Uwineza naye akacheka, nikaona aibu, nikasema tu. Naapa kwa Mungu."

Papa Sosthène alizima gari. Alikaa akitazama ukuta wa duka kupitia kioo.

"Dimanche, Jumapili ile, ulisema ndiyo, hakuna mutu alikulazimisha. Leo umemuona Rigobert, unasema hapana."

"Mpigie mama yangu. Yuko kambini bado, ana simu, atakwambia!"

"Mama gani atasema, ndiyo, mutoto wangu aliua?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha Yves zaidi. "Niko nakuuliza, Yves. Kama ungekuwa mimi, ungeamini neno gani? La mutu anakula ameshiba, ao la mutu anatetemeka?"

Yves mwenyewe asingeliamini la pili.

"Teremka. Tulikuja kuchagua kishikio, tutachagua kishikio."

Ndani ya duka kulikuwa na joto na harufu ya mpira mpya wa viatu. Vichwa vya kulungu vilikuwa vimetundikwa kila upande, macho ya kioo, kana kwamba ng'ombe wa watu wamechungulia madirishani kuangalia kesi. Nyuma ya kaunta ndefu bunduki zilisimama ukutani kama mishumaa ya kanisani, nyingi kuliko Yves alivyojua kuwa ziko duniani. Mlangoni walipewa kitambulisho cha kufunga kwenye mfuko. Miguu ya Yves ilitembea tu kwa sababu Rigobert alikuwa nyuma yake.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye mvi na miwani inayoning'inia kifuani, kibandiko cha jina kimeandikwa Susan. Aliitoa bunduki kwenye mfuko, akaigeuzia ukutani, akavuta kile chuma cha kando, akachungulia ndani, akaingiza kidole kuhakikisha hakuna risasi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaona ufa, akapiga mluzi.

Kiingereza cha Papa Sosthène kinatosha kazini na kanisani tu. Ikabidi Yves atafsiri, na kwa muda mfupi ile kazi ikamtuliza, maana mwenye kutafsiri hasemi la kwake.

Susan aliweka vishikio vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, vipande viwili vya kubana, sawa na kile kilichopasuka. "Hiki usinipotezee muda," alisema, na Yves akatafsiri kwa adabu zaidi. Cha pili kilikuwa cha alumini, kirefu, chembamba, kimetobolewa matundu mengi hadi ukikiinua ni kama umeinua karatasi. Reli yake ya juu, ule mstari wenye meno ambao darubini na tochi hung'ata, ilikwenda mpaka mwisho. Kinashikiliwa na skrubu mbili ndogo. "Vijana wote wanataka hiki," alisema Susan. Cha tatu kilikuwa cha alumini pia, ukuta wake mnene, kizito kidogo, matundu machache, na kinabanwa kwa bolti nne zinazokumbatia shina la mtutu. Reli yake ilikuwa na meno yaliyopunguzwa makali. Kinakuja na vifuniko vya mpira, alieleza Susan, kwa sababu chuma kitupu alfajiri ya Novemba kinachoma kiganja kwa baridi.

Papa Sosthène alivigusa kimoja kimoja. Kisha akaweka mikono yake juu ya kaunta, akamgeukia Yves.

"Na weye? Unasema kipi kitadumu?"

Yves akaufungua mdomo, na hapo akauona mtego, si kwamba mzee aliutega, ulijitega wenyewe. Akichagua vizuri, ni mtu anayejua bunduki, na mtu anayejua bunduki alijifunzia wapi? Akichagua vibaya, anajifanya hajui ili ajinusuru. Kushoto kwake Susan alikuwa anasubiri kwa tabasamu la biashara. Kulia kwake Rigobert alikuwa amesimama bila kuegemea kitu.

"Papa ndiye mwenye bunduki," alijaribu.

"Nimekuuliza weye."

Akatazama zile skrubu mbili ndogo. Kitu pekee alichokijua maishani kwa hakika ni ghala, na ghalani rafu zilizofungwa kwa skrubu ndogo hulegea kwa mtetemo wa magari, kila mara, zikaanza kucheza, zikatupa mizigo. Za bolti hazisumbui. Alijua jibu na alilichukia.

"Hiki kizito," alisema kwa sauti iliyokuwa ikipotea. "Hizo skrubu ndogo zitalegea zikitikiswatikiswa. Bolti zinabana pande zote."

Susan, aliyekuwa ameona kidole chake kinapoelekea, akasema, "Kijana wako anajua."

"Anasema nini?" aliuliza Papa Sosthène.

Yves alitamani sakafu ipasuke. Angeweza kutafsiri chochote. Angeweza kusema mama huyu anaulizia hali ya hewa. "Anasema... anasema najua, papa."

Papa Sosthène aliitikia kwa kichwa polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeletewa maiti anayoifahamu. Rigobert hakusema kweli wala si kweli.

Susan aliibana bunduki kwenye jiriwa, akatoa ganda bovu, akafunga kishikio kipya bolti moja baada ya nyingine. Alipomaliza aliushika mwisho wake, akausukuma kulia, kushoto, juu, kwa nguvu zote za mkono wake. Hakikucheza. Reli mpya ilikutana na reli ya nyuma kama ni kitu kimoja. Akaiondoa kwenye jiriwa, akachungulia tena ndani kama mwanzo, akaiweka juu ya kaunta mbele ya mzee.

Papa Sosthène aliinyanyua. Aliipima uzito. Mara akajigeuza, akaishika mlalo kwa mikono yake, akamnyoshea Yves.

"Chukua."

"Papa..."

"Chukua. Tuone namna mulikuwa munashika."

Sasa, mambo mengine mwili hauulizi akili. Yves alikuwa amelelewa na mama ambaye angekunyima chakula siku nzima ukipokea kikombe kwa mkono mmoja. Na aliyekuwa akimpa hakuwa mtu wa barabarani: alikuwa baba mkwe. Hofu ilikuwa imeshafagia kila kitu kichwani mwake, hakuna bunduki, hakuna duka, hakuna Minnesota, ilibaki ile adabu peke yake. Akapiga magoti kidogo. Akainamisha kichwa. Akanyosha mikono yote miwili, viganja juu, akaipokea bunduki kama anavyopokea sahani ya wageni, kiganja kimoja chini ya kitako, kingine chini ya kishikio kipya, macho yameangalia viatu vya mzee. Hata "asante, papa" akaisema.

Mdomo wa mtutu ulikuwa umeelekea sawasawa tumboni kwa Rigobert.

"Hee! Hee!" Susan alipiga kelele. "Elekeza ukutani! Usimwelekezee mtu!" Mteja mmoja kwenye viatu akainama nyuma ya rafu. Yves alielewa kila neno na hakuweza kutii hata moja, maana angeisogeza angeiangusha, na akiiangusha, mbele ya baba mkwe, itakuwaje? Akabaki hivyo, amepiga magoti nusu, ameinua ile bunduki. Ndani ya masikio yake Julai nzima ilikuwa inalipuka.

Ni Rigobert aliyesogea. Alikuja polepole, akaushika mtutu kwa vidole viwili, akauinua ukatazama dari, kisha akamwondolea Yves bunduki mikononi, akampa Susan juu ya kaunta. Susan alikuwa bado anasema mambo ya sheria za duka. Hakuna aliyemtafsiria.

"Sosthène," alisema Rigobert.

"Niko nasikia."

"Nilikaa nao. Niliwapa maji, niliwapa mihogo, niliwapa hata bunduki zao wakiamka. Sura zao leo siwezi kuzijua. Ila hakuna hata mumoja, hata yule mudogo kabisa, aliwahi kupokea kitu kwangu kwa mikono miwili. Hakuna aliinamisha kichwa. Walikuwa wananyang'anya. Hata kitu unawapa, wananyang'anya. Ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza walifundishwa, kabla ya kupiga." Akamtazama Yves, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na huruma. "Huyu hajawahi kumunyang'anya mutu hata muhogo. Ni mwongo tu."

Papa Sosthène alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na benchi la kujaribia viatu, akakaa, mikono usoni. Mabega yake yalitikisika mara kadhaa. Yves hakujua ni kilio au ni nini, akabaki amesimama na mikono bado iko mbele, viganja juu, kama mtu aliyesahau anachosubiri kupewa.

"Mungu asifiwe," alisema mzee kutoka ndani ya viganja vyake. "Mungu asifiwe, ni mwongo." Halafu akashusha mikono, na macho aliyomtazamia Yves hayakuwa ya kumkumbatia. "Mwongo naweza kumurudi. Dimanche utasimama kwenye ile meza, mbele ya mama, mbele ya Bonheur, useme yote. Kambi, mgongo wa mama, yote. Kisha utangoja. Uwineza atangoja na weye, mpaka nikusikie mwaka mzima bila chumvi. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Mwaka mzima. Lakini alikuwa amesema atangoja na weye. Pumzi ilimrudia Yves kidogo kidogo, miguu ikaanza kuhisi sakafu, na pamoja na pumzi ukarudi na ule ugonjwa wake. Alimwona Susan anamtazama, alimwona yule mteja anatokeza kichwa nyuma ya viatu, akamfikiria Bonheur Jumapili. Akajikohoza. Akaweka mikono mfukoni kama mwenye mji.

"Ila papa, kusema kweli, sikuogopa. Niliishika vile makusudi, ili ninyi wazee muone kwamba..."

"Nyamaza," alisema Rigobert. "Magoti yako bado yanagongana. Niko nayasikia toka hapa."